Nguruwe wa Biashara, na Hasara Yake Hukaa kwa Nani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo imepigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri kwamba mfuko wa akiba wa chama chetu utoe mikopo kwa wanachama watakao kufuga nguruwe, nasi sita tuliowahi kuijaribu kazi hiyo tukaombwa tueleze tuyajuayo. Ndugu zetu Waislamu waliopo watuwie radhi: hatukuja kumshawishi mtu ale asichokula. Lakini fedha za mfuko ni za wote, na kila atakayepiga kura juu yake yampasa ajue ziendako. Kwa hiyo tulitazame jambo hili kama makarani watazamavyo hesabu, na habari za jikoni tuwaachie wenyewe.

Wengi wetu tumekua tukiona nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba, wakila maganda ya ndizi na makombo, wakiuzwa karo ya shule inapodaiwa. Ufugaji huo una faida yake, maana mnyama wa namna ile ni kibubu chenye miguu. Lakini ule uitwao ufugaji wa kisasa wa biashara ni kitu kingine kabisa, na makosa yetu sisi sita yalianza pale tulipodhani kwamba kibubu kimoja kikizidishwa mara ishirini huwa ni kiwanda.

Kiwanda hicho huanza na kalenda. Nguruwe jike huchukua mimba siku 114, ambazo wafugaji wa zamani huzikumbuka kwa kusema miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu. Katika mashamba makubwa ya Marekani watoto hunyonya siku 21 hivi; katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria yataka kwa kawaida siku 28. Wakiisha kuachishwa, mama yao hutaka dume tena baada ya siku nne hadi saba. Basi karani na ajumlishe: 114 na 21 na 6 ni siku 141, na mwaka una siku 365. Jike mmoja aliyetunzwa vema aweza kuzaa karibu mara mbili na nusu kwa mwaka, na huko Denmark mashamba hupata zaidi ya watoto 30 walioachishwa kwa kila jike kila mwaka. Siku ambayo jike hana mimba wala hanyonyeshi, anakula bure. Siku hizo zina safu yake katika daftari, na meneja huulizwa habari zake kama vile sisi tuulizwavyo habari za stempu zilizopungua. Dume mwenyewe haonekani sana. Mbegu zake hukusanywa mahali pamoja na kupelekwa mashambani katika vifuko, na mtumishi huzitia kwa mrija.

Majike hupangwa makundi, hata kila juma kundi moja huzaa, jingine huachisha, na jingine hupandwa. Watoto wa juma moja huingia nyumba moja siku moja na kutoka siku moja, kisha nyumba huoshwa na kukaushwa kabla ya kupokea wengine, ili maradhi ya wakubwa yasirithiwe na wadogo. Sakafu ina nyufa, kinyesi hudondoka chini shimoni. Hewa huvutwa kwa mapanga ya umeme, na umeme ukikatika, na kengele isilie, nguruwe mia kadha waweza kufa kwa joto katika muda mfupi. Mtumishi huoga na kubadili nguo kabla ya kuingia. Sisi tumetumika katika maofisi ya Serikali miaka mingi, wala hatujaamriwa kuoga mlangoni!

Juu ya vile vizimba vya chuma ambamo jike hukaa asiweze kugeuka, tutasema machache. Uingereza ilivikataza kwa majike wenye mimba tangu 1999, na Umoja wa Ulaya tangu 2013 huviruhusu kwa majuma manne ya kwanza ya mimba tu. Wenye mashamba husema kwamba mnyama hupata chakula chake bila kupigana na wenzake, na ni kweli. Lakini tulipoonyeshwa picha zake hakuna katika sisi sita aliyetaka kuzitazama mara ya pili.

Sasa chakula. Gharama yote ya kumkuza nguruwe ikiwa ni shilingi 100, basi shilingi 60 hadi 70 ni chakula. Kule Marekani hulishwa mahindi na soya iliyosagwa, na mtoto aliyezaliwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi hufika kilo 125 au zaidi katika muda wa miezi sita. Kila kilo anayoongezeka amekula kilo tatu au pungufu kidogo, na kampuni hushindana juu ya sehemu za kumi za kilo hizo. Sisi tulilisha pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo, na daftari letu lilionyesha kilo tatu na nusu. Fuateni hesabu hii, maana sisi hatukuifanya mapema. Kumkuza nguruwe mmoja kutoka kilo 7 hadi kilo 90 ni kumwongezea kilo 83. Zidisha kwa tatu na nusu, upate kilo 290 za chakula, yaani magunia manne na kitu ya kilo 70. Nguruwe kumi ni magunia arobaini na moja na nusu. Karatasi tuliyopewa semina, ambayo ndiyo iliyotutia hamu, ilisema hivi tu: majike 10, watoto 10 kila mmoja, mara mbili kwa mwaka, nguruwe 200. Magunia 830 ya kuwalisha hao 200 hayakuandikwa. Wala hapakuwa na safu ya vifo.

Mnyama akiisha kufikia uzito huchukuliwa machinjioni, na hapo ndipo kazi yote ihesabiwapo. Machinjio makubwa kuliko yote yalifunguliwa mwaka 1992 katika kijiji cha Tar Heel, jimbo la North Carolina, nayo yaweza kuchinja nguruwe 32,000 hivi kwa siku moja. Aghalabu katika machinjio ya namna hiyo mnyama hulevywa kwa hewa ya kaboni au kwa umeme, hutolewa damu, hutiwa maji ya moto, hunyolewa, hupasuliwa na kupozwa. Kisha nyama hupita mbele ya watu waliosimama safu, na kila mtu hukata mkato wake mmoja siku nzima. Hakitupwi kitu. Utumbo hufanywa soseji, na humo hutolewa pia heparini, ile dawa ambayo madaktari huitumia kuzuia damu isigande, hata yumkini wako watu wasiogusa nyama hii kamwe ambao wametibiwa kwayo. Walakini kusimama kwenye safu ile si kazi nyepesi, na huku kwetu tunayo kumbukumbu yetu ya jambo hilo: mwezi wa Septemba 1947 wafanyakazi wa kiwanda cha bekoni cha Uplands, karibu na Limuru katika Kenya, waligoma, polisi wakawapiga risasi, na watatu wakafa.

Hapa ndipo tufikapo kwenye jambo lililotufanya tuandike hotuba hii. Tuulize: katika mpango huu mkubwa, nguruwe ni wa nani?

Katika North Carolina, na mahali pengi pengine pa Marekani, mfugaji aghalabu si mwenye nguruwe. Kampuni humletea watoto, chakula, dawa na daktari. Yeye hutoa ardhi, nyumba na kazi ya mikono yake, naye hulipwa ujira kwa hesabu ya wanyama au nafasi walizokalia. Nyumba zile amezijenga kwa mkopo wa benki, na deni ni lake. Kinyesi ni chake, nao nguruwe waliokufa ni juu yake kuwazika au kuwachoma. Mkataba ukisha, au kampuni ikikataa kuuandika upya, anabaki na nyumba ndefu isiyofaa kwa kazi nyingine, na benki ingali inadai. Kinyesi huwekwa katika mabwawa ya wazi. Mwezi wa Septemba 1999 tufani iitwayo Floyd ilipoleta mafuriko, mabwawa kadha yalifurika au kubomoka na uchafu ukaingia mitoni. Jimbo lilikuwa limekwisha kusimamisha ujenzi wa mabwawa mapya mwaka 1997, lakini yale ya zamani yalibaki, na majirani wakaendelea kuvuta harufu yake hata wakaipeleka mahakamani. Kampuni kubwa kuliko zote huko, Smithfield, ilinunuliwa na kampuni ya China mwaka 2013 kwa dola bilioni 4.7. Ilipobadilika mikono hivyo, deni la mwenye nyumba halikuhama pamoja nayo.

Mwaka 1980 mashamba yenye nguruwe katika Marekani yalizidi 600,000. Hesabu ya mwaka 2022 iliyakuta kama 60,000. Wala nguruwe hawakupungua, waliongezeka. Waliopungua ni wafugaji.

Tena kalenda ile tuliyoisifu haijui kungoja. Mwezi wa Aprili 2020, maradhi ya Korona yalipoenea kati ya wafanyakazi wa machinjio, na machinjio kama yale ya Sioux Falls yakafungwa, nguruwe mashambani waliendelea kuzaliwa na kunenepa kama ilivyoandikwa, na nyumba zilikuwa zikingojewa na wadogo wao. Wenye mashamba wengi walilazimika kuwaua wanyama wazima, wasio na ugonjwa, na kuwafukia.

Tusidhani kwamba hakuna njia nyingine. Mwaka 1887 Ujerumani ilipoufunga mpaka wake kwa nguruwe hai wa Denmark, wafugaji wa mji wa Horsens na vijiji vyake waliungana wakajenga machinjio yao wenyewe, ya kwanza ya ushirika, wakaacha kupeleka wanyama hai, wakawapelekea Waingereza bekoni. Kila mwanachama alilipwa kwa uzito na ubora wa mnyama wake, na faida ya machinjio ikarudi kwa aliyelisha. Wadenmarki nao wana vizimba, wana kinyesi kingi, na wafugaji wao wamepungua vilevile. Hatusemi huko ni peponi. Lakini mizani ilikuwa ya mfugaji. Sisi tulipofuga, mchinjaji alikuja na baiskeli, akamzunguka mnyama mara mbili, akataja bei kwa macho yake. Nasi, watu wenye vyeti vya uhasibu, tukapokea. Tulinunua mizani baada ya kuuza nguruwe kumi na tisa. Wa kwanza tuliyempima alikuwa na kilo 22 zaidi ya alizokadiriwa.

Sasa tuseme habari ya ugonjwa, ambayo imetoka kwetu ikazunguka dunia. Mwaka 1921 daktari wa mifugo aitwaye Montgomery alichapisha habari za maradhi aliyoyaona Kenya, ambayo yaliwaua karibu nguruwe wote wa walowezi waliopatwa. Ngiri wetu wa porini huchukua vijidudu hivyo bila kuumwa, na papasi wakaao katika mashimo yao huvipokezana. Lakini nguruwe wa Ulaya akiambukizwa hushikwa na homa kali, ngozi yake huwa nyekundu masikioni na tumboni, na aghalabu hufa katika siku chache. Mwanadamu hapatwi. Hiyo ndiyo Homa ya Nguruwe ya Afrika. Mwaka 1957 ilifika Lisbon, katika Ureno, kwa makombo ya eropleni waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa ndege. Mwaka 2007 iliingia Georgia kwa njia ya bandari, ikaenea Urusi na Ulaya ya mashariki. Mwezi wa Agosti 2018 ilionekana China, nchi yenye karibu nusu ya nguruwe wote wa dunia, na katika mwaka mmoja hesabu ya nguruwe wa nchi ile ilipungua kwa karibu sehemu mbili katika tano. Baada ya msiba huo Wachina wamezidi kuwafungia nguruwe katika majumba. Katika mji wa Ezhou liko moja la ghorofa 26, lenye lifti za kuwapandishia. Vietnam imeanza kutumia chanjo, lakini dawa ya kumponya mnyama aliyekwisha kuugua haipo.

Jambo la kushika ni hili: vijidudu hivyo hukaa miezi ndani ya nyama, hata nyama iliyogandishwa au kukaushwa. Kwa hiyo ugonjwa hausafiri kwa miguu ya nguruwe tu. Husafiri kwa kikapu cha mchinjaji, kwa viatu vya mnunuzi, kwa makombo ya hoteli, na kwa ile sahani ambayo vijana wa mjini huiita kitimoto.

Tumeyasema hayo kwa sauti ya mwalimu. Yafuatayo yatupasa kuyasema kwa sauti nyingine.

Mwaka wetu wa pili tulikuwa na majike wanane na watoto wengi wa umri mbalimbali. Deni lilikuwa likikatwa katika mishahara yetu kila mwezi, kama mjuavyo. Siku moja mlinzi wetu alituambia kwamba nguruwe wa jirani wanakufa ng'ambo ya mto. Baada ya siku nne jike mmoja wa kwetu aliacha kula, na asubuhi yake tulimkuta amekufa, masikio yamekuwa na rangi ya zambarau. Tulijua ni nini. Hakuna katika sisi aliyeweza kusema baadaye kwamba hakujua, kwa kuwa mmoja wetu alikuwa na kitabu kidogo cha Idara ya Mifugo mfukoni mwake. Kitabu kilisema: mwarifu bwana mifugo mara moja, usihamishe mnyama wala nyama. Nasi tulijua ya kuwa bwana mifugo akija ataweka karantini, na hakuna atakayetulipa hata senti moja kwa wale watakaokufa ndani yake.

Tulikutana usiku ule nyumbani kwa mmoja wetu. Hatukubishana sana, na ndilo jambo linalotutia haya kupita yote. Kabla ya mapambazuko mchinjaji alikuwa amechukua nguruwe kumi na mmoja waliokuwa wangali wamesimama, kwa nusu ya bei, wala hakuuliza kwa nini bei ni nusu. Bwana mifugo tulimwarifu siku ya tatu. Waliosalia walikufa wote ila wawili.

Baada ya majuma mawili ugonjwa ulikuwa katika vijiji viwili vilivyo kando ya barabara ile aliyopita mchinjaji. Katika kimoja chao kulikuwa na mama mjane aliyekuwa na nguruwe watatu, naye alikuwa mmoja wa watu waliotuuzia pumba. Hatuwezi kuapa kwamba nyama yetu ndiyo iliyompelekea. Ugonjwa ulikuwa ng'ambo ya mto kabla ya kuwa kwetu. Lakini hatuwezi kuapa kwamba siyo. Yeye hakuwa na mshahara wa kukatwa. Alikuwa na wale watatu tu.

Twasema haya mbele yenu kwa sababu shauri lililoletwa, kama lilivyoandikwa, litawatia wanachama wengine mahali pale pale tulipokuwa sisi usiku ule. Mkopo ni wa mwanachama, riba ni juu yake, na mnyama akifa hasara ni yake peke yake. Huku muuza chakula amekwisha kulipwa, na mchinjaji ataweka bei apendayo. Watu wa North Carolina wameandikiwa mpango huo na kampuni kubwa. Sisi tungejiandikia wenyewe, kwa mhuri wa chama chetu.

Kwa hiyo, Bwana Rais, sisi sita hatusemi shauri likataliwe. Nguruwe hukua upesi, huzaa sana, na walaji wake wanaongezeka. Katika Uganda hesabu ya mifugo ya mwaka 2008 ilipata nguruwe zaidi ya milioni tatu. Twaomba yaongezwe mambo haya kabla ya kura. Mkopaji asiwe mmoja mmoja, bali kikundi chenye mizani yake, kiuzacho kwa kilo. Pasitolewe fedha ya kununua mnyama kabla kamati haijaona uzio wenye mlango mmoja, viatu vya bandani visivyotoka nje, na jiko la kuchemshia makombo ikiwa watalisha makombo. Hesabu ya magunia ifanywe kwanza, na karani asiyefuga.

La mwisho ndilo zito, na twajua Bwana Mtunza Hazina hatalipenda. Katika kila shilingi ishirini za mkopo, moja iwekwe kando katika akaunti ya peke yake. Mwanachama atakayemwarifu bwana mifugo siku ile ile ya kwanza, na asiuze, alipwe kutoka humo sehemu ya thamani ya wanyama wake waliokufa, na makato ya mshahara wake yasimamishwe miezi sita. Atakayeuza kwa siri asilipwe kitu, na adai lake liendelee. Tumefanya hesabu: kama shilingi hiyo ingalikuwako, nusu ya bei tuliyopewa na mchinjaji isingalitushinda. Karatasi ya hesabu hiyo tumemkabidhi Bwana Katibu, pamoja na daftari letu zima, kurasa zile za usiku ule zikiwamo, na mwanachama yeyote aweza kulisoma ofisini kwake saa za kazi.

Mizani yetu ingali nzima. Hupima hadi kilo 200, nayo iko kwa mmoja wetu. Kikundi kitakachoihitaji kije kuiazima bila malipo.